Dubu Wanaosubiri Barafu

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Vickery Meadow, Dallas



 Naishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kunipa dakika ishirini, ambazo kwa mtu aliyezoea mikutano ya serikali ni muda wa kusafisha koo tu. Nitajitahidi.

Katibu wetu, ambaye ni mtoto wa marehemu kaka yangu, alinipigia simu mwezi uliopita akasema, "Baba mdogo, mwaka huu tunaomba utuambie habari za dubu." Alicheka, nami nikacheka, lakini sote wawili tulijua kwamba habari hiyo ina upande wake usiochekesha. Tangu Novemba 2023 maneno yamezunguka katika ukoo huu, kutoka simu hadi simu, kwamba yupo mzee ambaye hakwenda kumzika kaka yake lakini alipata nauli ya kwenda kutazama wanyama kwenye barafu. Mzee huyo ndiye huyu aliyesimama mbele yenu. Nitawaeleza habari za dubu kama nilivyoombwa, na la pili nitalijibu humo humo, maana kwangu mimi mambo hayo mawili hayatengani.

Ndugu Mwenyekiti, neno letu safari limekopwa na dunia nzima. Mzungu akilitamka huwa anamaanisha kwenda kutazama simba na tembo. Sisi wenye neno, tunapolitamka tunamaanisha msiba, masomo, matibabu, kazi au kukimbia vita. Hapa Vickery Meadow nimeishi tangu mwaka 2013, katika majengo haya ya kupanga yaliyosongamana kati ya Northwest Highway na barabara kuu ya kati, na sijakutana na jirani aliyefika hapa kwa matembezi. Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama kutoka Kongo aliyekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Siku moja nilimwuliza kwa furaha ya mtu aliyepata mwenziwe, "Basi wewe unaijua Tanzania!" Akanijibu, "Baba, nilijua kambi. Kutoka nje kulihitaji kibali. Sikuona mlima, sikuona hata swala."

Nilinyamaza, kwa sababu mimi katika utumishi wangu nilikuwa upande wa pili wa meza ya vibali. Kwa miaka mingi niligonga mihuri na kutia saini karatasi za wageni waliokuja kutazama wanyama wetu na kupanda mlima wetu. Nilijua idadi yao, ada zao na tarehe zao. Watoto wangu mwenyewe hawakumwona simba hata siku moja mpaka walipopelekwa na shule zao za Marekani katika bustani ya wanyama. Wala msinisaidie kwa kusema tatizo lilikuwa fedha. Ada ya raia kuingia hifadhini ilikuwa ndogo kuliko ya mgeni mara nyingi sana, na kila mwaka nilikuwa na likizo ya siku ishirini na nane. Sikwenda kwa sababu haikunijia akilini kwamba mtu kama mimi anaweza kwenda mahali ili kuona tu.

Aliyekuwa na akili hiyo ni kaka yangu. Mnamfahamu kama mpagazi, na wengine katika ukoo huu, tusifichane, walimdharau kwa kazi hiyo. Alianza kubeba mizigo ya wageni katika njia ya Machame akiwa kijana, akapanda cheo hadi kuwa msaidizi wa kiongozi wa msafara. Alipita msituni, akavuka uwanda wa Shira, akapanda ukuta wa Barranco, akalala katika kambi inayoitwa Barafu, na usiku wa manane akawaongoza watu hadi Uhuru, mita 5,895, mara nyingi kuliko alivyoweza kuhesabu. Kila nilipofika nyumbani kwa Krismasi, tukiwa tumekaa kihambani na kibuyu cha mbege, aliniambia, "Mdogo wangu, njoo nikupeleke. Kwako ni bure." Nami nilijibu, "Mwakani." Nilisema mwakani mwaka 1988. Nilisema mwakani mwaka 1999. Mwaka 2012, nilipostaafu kwa hiari, nilisema acha kwanza nipumzike.

Wazee wetu walipobariki mtu walielekea Kibo. Sisi tulikua tukikitazama kilele hicho asubuhi kabla ya mawingu kukifunika, na tulidhani weupe ule ni wa milele kama anga. Mmishenari Rebmann alipoandika mwaka 1848 kwamba ameona theluji karibu na ikweta, wakubwa wa elimu kule London walimcheka. Leo wanasayansi hawacheki. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilipimwa ikapatikana kuwa na eneo la karibu kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Kaka yangu hakuzijua takwimu hizo. Yeye aliniambia kwa simu kwamba zamani, akifika juu, ukuta wa barafu ulikuwa kando ya njia, mgeni akiunyooshea mkono anaugusa, na sasa anayetaka kuugusa inabidi aiache njia na kutembea. "Inahama," alisema. "Njoo kabla haijaondoka."

Alifariki mwishoni mwa Aprili, 2020. Tanzania ilikuwa imesimamisha ndege za abiria kutoka nje tangu tarehe 12 ya mwezi ule kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na anga ilifunguliwa tarehe 18 Mei. Kaka yangu alizikwa katikati ya tarehe hizo mbili. Nilishuhudia mazishi kwa simu ya mkononi nikiwa jikoni kwangu, picha ikikatika katika kila neno la mchungaji. Hiyo ndiyo habari ya mimi kutokwenda kumzika. Nimeisema mara moja, na sitairudia.

Sasa niwaeleze jinsi dubu walivyoingia.

Mnaoishi Texas mnaikumbuka Februari ya mwaka 2021. Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15, umeme ulikatika katika jengo letu, na nyumba zetu hapa zinategemea umeme kwa kila kitu. Kesho yake asubuhi uwanja wa ndege wa Dallas-Fort Worth ulipima nyuzi 19 za Sentigredi chini ya sifuri, baridi ambayo haikuonekana hapa tangu mwaka 1949. Mabomba yalipasuka katika dari za majirani. Tulijifungia chumba kimoja, watu tisa, sisi na yule mama wa Kongo na watoto wake, tukaziba dirisha kwa mablanketi na khanga. Hatukuwasha jiko la mkaa ndani, kwa sababu bibi yenu ni nesi mstaafu na alisimama mlangoni kama askari. Wengine katika jimbo hili walifanya hivyo au walikosa dawa na mitambo yao, na serikali ya jimbo baadaye ilihesabu vifo 246. Hata kasa wa baharini kule pwani ya kusini waliganda kwa maelfu, watu wakawaokota na kuwapanga sakafuni katika ukumbi wa mikutano kama mizigo ya stesheni.

Katika giza lile mjukuu wangu, wakati ule ana miaka kumi na mitatu, aliniuliza, "Babu, baridi hii inatoka wapi?" Nilimjibu kitumishi: inatoka kaskazini. Akauliza, "Kaskazini wapi?" Nikawa sina jibu. Baada ya umeme kurudi tulikwenda kusoma pamoja. Tulijifunza kwamba hewa baridi kupita kiasi hukaa juu ya Ncha ya Kaskazini ikizungukwa na upepo mkali kama zizi, na kwamba mara nyingine zizi hilo hulegea na hewa hiyo humwagika kusini, ikafika hata hapa Dallas. Kijana akasema, "Kwa hiyo ilitutembelea. Sisi tutaitembelea lini?"

Ndugu zangu, nilifungua mdomo kusema mwakani. Neno lilikwama kooni.

Haikuwa kesho yake. Tulipanga kwa miaka miwili na nusu. Katika kusoma kwangu nilikipata, kwa msaada wa maktaba ya Vickery Park, kitabu cha Mwafrika mwenzetu, Tété-Michel Kpomassie wa Togo. Yeye alianguka mnazini akiwa kijana baada ya kutishwa na nyoka, akiwa anaugua akakuta kitabu kuhusu Greenland, akaondoka kwao mwaka 1958 na kufika Greenland mwaka 1965 kwa kufanya vibarua njiani, nchi baada ya nchi. Nilipoona kwamba mtu wa minazi alifika kwenye barafu bila kutumwa na serikali wala kufukuzwa na vita, nilipata ujasiri. Mimi nilikuwa na pasi ya kusafiria ya Marekani tangu mwaka 2019 na pensheni ndogo, na mama wa kijana alikubali kuchangia nusu. Sitawaficha, kwa watu wawili tulitumia karibu dola 5,000. Zilikuwa fedha zetu. Mfuko wa ukoo haukuguswa, Mweka Hazina yupo hapa, mwulizeni.

Tulikwenda Churchill, mji mdogo wa Kanada wenye watu wasiofikia elfu moja, kando ya Ghuba ya Hudson. Kwa ukweli wa kijiografia mji huo haujafika hata kwenye duara la Aktiki. Lakini dubu weupe hawasomi ramani, na hakuna mahali pengi duniani ambapo mtu wa kawaida anaweza kuwaona bila kuwa tajiri au mwindaji. Barabara haifiki huko. Watu huenda kwa ndege, au kwa treni kutoka Winnipeg, kilomita zipatazo 1,700 kwa siku mbili. Tulichukua treni, viti vya kawaida, tukiwa na maandazi na chupa ya chai ya tangawizi.

Ile reli ilifika Churchill mwaka 1929. Mafuriko ya mwaka 2017 yaliikata, na mji ukakaa bila treni hadi karibu mwisho wa mwaka uliofuata. Sehemu za mwisho treni hutambaa, kwa sababu ardhi ya chini imeganda mwaka mzima na inapolegea huipindisha reli. Miti nayo hupungua kimo kila saa. Mwishoni imebaki mifupi kama mibuni isiyotunzwa, matawi yako upande mmoja tu, upande wa pili yamenyolewa na upepo. Mjukuu wangu alilala. Mimi sikuweza kutoka dirishani.

Mji wenyewe una desturi zake. Milango ya magari haifungwi kwa ufunguo, ili anayekutana na dubu aingie katika gari lolote lililo karibu. Usiku wa tarehe 31 Oktoba, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, walinzi wenye bunduki na magari huzunguka mji kuwalinda. Zamani dubu waliozoea mji walipigwa risasi, siku hizi wapo walinzi maalumu wa kuwafukuza. Dubu mkaidi hukamatwa na kuwekwa katika ghala ambalo wenyeji hulitania kuwa ni jela, akapewa maji bila chakula asije akapapenda, kisha hubebwa na helikopta katika wavu mpaka mbali kaskazini. Mtu wa mwisho kuuawa na dubu mjini aliuawa mwaka 1983. Nilipenda utaratibu huo. Ni wa watu wenye akili, wanaojua kwamba mnyama alikuwepo kabla yao.

Siku ya pili tulipanda gari la kutembelea tundra. Ni kama basi lililoinuliwa juu ya magurudumu makubwa, na nyuma lina baraza ndogo ya kusimama nje, sakafu yake ya wavu wa chuma. La kwanza la aina hiyo lilibuniwa na fundi wa palepale Churchill mwishoni mwa miaka ya 1970. Nje palikuwa na nyuzi kama 15 chini ya sifuri. Uwanda wote ulikuwa mweupe na wa kijivu, vichaka vifupi, madimbwi yaliyoganda, na mbele yake ghuba ikiwa bado maji.

Kwa saa nzima hatukuona kitu. Kisha dereva akasimamisha gari na kutuonyesha kile tulichodhani ni jiwe. Jiwe likainua kichwa.

Siku ile tuliwaona saba. Mama mmoja na mtoto wake, wakitembea ufukweni, mtoto akikanyaga nyayo za mamaye. Madume mawili vijana yakipigana mieleka, yakisimama kwa miguu ya nyuma na kukumbatiana kama walevi, kisha yanalala chini kupumzika. Mbweha mweupe aliyekuwa akimfuata dubu kwa mbali, kwa heshima, kama karani nyuma ya mkurugenzi. Waliobaki walilala tu. Kiongozi wetu alieleza kwamba kulala ndiyo kazi yao. Dubu hawa hula sili, na sili huwakamatia juu ya barafu ya bahari. Barafu ikiyeyuka mwanzoni mwa kiangazi huja nchi kavu na kufunga kula. Hupungua karibu kilo moja kwa siku, na jike mwenye mimba huweza kufunga miezi minane. Wanakusanyika hapo Churchill kila Oktoba na Novemba kwa sababu maji baridi ya mito huingia ghubani na kuganda mapema kuliko maji ya chumvi, na barafu huanzia pwani ile. Kwa hiyo hulala na kutazama maji.

Tangu miaka ya 1980 majira yasiyo na barafu katika eneo hilo yamerefuka kwa wiki tatu hivi. Mwaka 1987 dubu wa upande wa magharibi wa ghuba walikadiriwa kuwa karibu 1,200. Mwaka 2016 walikuwa 842. Hesabu ya mwaka 2021 ilileta 618. Mimi ni mtu wa majedwali, nimeona majedwali mengi yakishuka na kupanda tena. Hili nililitazama kwa muda mrefu.

Karibu na saa nane mchana dume moja kubwa lilikuja polepole hadi kwenye gari letu. Tulikuwa tumesimama barazani, mimi na kijana. Likapita chini yetu, likainua pua, likavuta pumzi kupitia wavu wa sakafu, hewa ya moto ikapanda katika suruali yangu. Mjukuu wangu alinong'ona, "Babu, anatunusa." Kisha likasimama, mikono yake miwili ikagonga ubavu wa gari, na uso ule ukawa umbali wa mita mbili hivi kutoka wangu. Pua nyeusi, kovu juu ya jicho, manyoya ya njano kidogo. Lilinitazama bila hasira wala upendo. Likashuka, likaenda kulala palepale lilipokuwa limelala mwanzo, likiielekea ghuba.

Nililia, ndugu zangu. Mjukuu alidhani ni upepo, nami nikamwacha adhani hivyo. Nilikuwa nikimwona kaka yangu, na buti zake za kupewa na wageni zilizomzidi namba mbili, akisema, "Njoo uone." Alikuwa akiwapeleka watu wa mataifa yote kwenye barafu, na ndugu yake wa tumbo moja hakupata nafasi. Wengine humlilia marehemu kaburini. Mimi nililia kwenye gari la watalii.

Jioni ile tulionyeshwa mahali nje ya mji palipokuwa na makazi ya Sayisi Dene. Hawa ni wenyeji waliofuata kulungu wa kaskazini vizazi na vizazi. Mwaka 1956 maofisa wa serikali ya Kanada, wakidai kwamba watu hao wanamaliza kulungu, waliwapakia ndegeni na kuwateremsha Churchill kwenye vibanda ufukweni, mbali na mawindo yao. Zaidi ya watu mia moja walikufa katika miaka iliyofuata, kwa baridi, moto, ulevi na vurugu. Mwaka 1973 waliobaki walianza kuondoka wenyewe kwenda Tadoule Lake. Serikali ya Kanada iliwaomba radhi mwaka 2016. Nilijiuliza ni nani aliyeandika ile barua ya mwaka 1956, na kwa mwandiko mzuri kiasi gani. Sikutoka nje ya nchi yetu kwenda kujifunza hilo bure: Wamasai nao waliondolewa Serengeti mwaka 1959 ili hifadhi ibaki ya wanyama, na karatasi za hifadhi hiyo hiyo nilikuwa nikizigonga muhuri bila swali. Anayekwenda kutazama wanyama na aulize pia ni nani aliyekuwa akikaa hapo.

Zile taa za angani za kaskazini hatukuziona. Mawingu yalifunika usiku wote tatu. Nalisema hili kwa sababu picha iliyosambaa katika kundi la simu la ukoo, ikinionyesha chini ya anga la kijani, imetengenezwa na kijana mmoja ninayemfahamu na aliyeketi safu ya nyuma.

Tuliporudi, yule mama wa Kongo alikuja kunywa chai na kutazama picha. Aliuliza, "Mlikwenda kwa kazi gani?" Nikamwambia hatukuwa na kazi. "Hamkuwa na mgonjwa? Hamkuwa na karatasi za kushughulikia?" Nikasema hapana. Alikaa kimya akizipitia picha moja moja, akarudia ile ya mama dubu na mtoto. Kisha akasema, "Mimi nikipata uraia, kwanza nitakwenda kumwona tembo." Mwaka jana alikula kiapo. Sasa anaweka akiba katika kopo la maziwa ya unga, na anahesabu mbele yangu kila mwisho wa mwezi.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nafika kwenye ombi langu, maana naona umeshika saa. Desemba ijayo, Mungu akipenda, nitakwenda Machame. Nitaanza kaburini, kisha nitapita langoni. Daktari ameniruhusu kufika Shira, hakuniruhusu kwenda juu zaidi, na mimi sitabishana naye. Kutoka Shira nitakitazama Kibo kwa karibu kuliko nilivyowahi. Mjukuu wangu ataendelea hadi juu na kiongozi ambaye ni mtoto wa mpagazi mwenzake kaka yangu. Kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili, mimi niliyezaliwa chini ya mlima ule nitalipa ada ya mgeni na kupanga foleni ya wageni, na karani wa umri wa wanangu atagonga muhuri. Nitamtazama vizuri anavyogonga.

Katibu amekubali kwenda nami, na amenipa ruhusa ya kulisema hapa. Hatujazungumza mengi tangu mwaka 2020, mimi na yeye. Tutakuwa na siku mbili za kupanda. Zipo nafasi nne zaidi kwa watakaojiandikisha kabla ya mwisho wa Agosti, na wale mlioko Machame mnaweza kutusubiri kwa mbege.

Jambo la mwisho. Buti alizovaa kijana kule Churchill hazimtoshi tena. Ni namba tisa, zina manyoya ndani, na bado ni nzima. Ziko mlangoni kwangu pamoja na koti na glavu. Mwenye mguu huo azichukue kabla ya kuondoka Jumapili.